Nta ya Mpanda Ndani ya Kidonge

Tarehe 27 Januari 1872, mashariki ya kijito cha Mpokwa, katika nchi ya miinuko na mabonde ambayo leo imo katika Mkoa wa Katavi, msafara uliotoka Ujiji ukielekea Unyanyembe ulishambuliwa na nyuki. Punda ambaye Henry Morton Stanley alimnunulia David Livingstone, badala ya kutimua mbio kama alivyofanya mwenziwe, alijitupa chini akawa anagaagaa. Na mpanda wake, mzee aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 59, ambaye mwili wake ulikwisha kudhoofishwa na homa na maradhi ya tumbo, akagaagaa vilevile, kisha akainuka, akakimbilia kichakani, akazungusha tawi juu ya kichwa chake mpaka wadudu wale walipomwacha na maumivu ya kichwa na uso. Punda alikufa baada ya siku mbili. Livingstone aliliandika tukio hilo katika shajara yake kwa sentensi chache tu, akaendelea na mengine, wala hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba wale waliomfukuza ndio watunzaji wa hazina kubwa ya nchi ile, hazina ambayo miongo michache baadaye ingepimwa kwa frasila, ikavushwa bahari, na kuingia, miongoni mwa mambo mengi, katika dawa za wanadamu.

Yeye mwenyewe alikuwa tabibu, na fundi wa vidonge. Kwa ajili ya homa ya Afrika alikuwa ametunga vidonge vyake kwa kuchanganya utomvu wa jalapa na kalomeli, grani nane kwa kila kimoja, pamoja na kwinini na rubarbi, grani nne kwa kila kimoja. Na unga huo alipotaka kuufanya kidonge aliukanda kwa kileo kilichokolezwa iliki. Alizithamini dawa zake kiasi kwamba sanduku la dawa lilipoibwa na watoro wa msafara wake mwezi wa Januari 1867 alihisi kana kwamba amehukumiwa kifo. Baada ya kufa kwake vidonge vya namna ile vilitengenezwa na kampuni ya Burroughs Wellcome ya London, ambayo mwaka 1884 ililisajili jina la Tabloid kwa dawa zake zilizoshindiliwa, na ambayo masanduku yake yalibebwa na Stanley katika safari zake za baadaye.

Katika fomula hiyo ya Livingstone nataka msomaji aitazame iliki. Jalapa na rubarbi zilikuwa za kufungua tumbo, kalomeli ni chumvi ya zebaki, na kwinini ndiyo iliyopambana na homa. Walakini iliki ilitiwa ili unga ushikamane, uviringike, na umezeke. Kitu cha namna hii, kisichotibu wala kulisha, bali kinachoiwezesha dawa iwe dawa, ndicho wataalamu wanachokiita kijazio au kiambata kisicho na nguvu ya tiba. Na katika chupa za vitamini na virutubisho zinazouzwa leo katika maduka ya dawa ya mjini Mpanda, katika mkoa huohuo wa Katavi, mara nyingi kijazio ndicho kingi, na virutubisho ndivyo vichache.

Wako wanaodhani kwamba huku ni kupunjwa, na dhana hiyo yafaa ijibiwe kwa hesabu. Mama mjamzito huhitaji asidi ya foliki kiasi cha mikrogramu 400 kwa siku, yaani chini ya nusu ya miligramu moja. Na vitamini B12 ambayo mtu mzima huhitaji kwa siku haizidi sana mikrogramu mbili na nusu. Kipimo kama hicho, kikiwekwa peke yake kiganjani, jicho halikioni na vidole havikishiki. Upepo mdogo ungekipeperusha, na mashine isingeweza kukigawa sawasawa katika vidonge elfu bila kimoja kupata maradufu na kingine kukosa kabisa. Kwa hiyo huchanganywa na wanga wa mahindi, au sukari ya maziwa, au unga laini wa selulosi utokanao na miti, ili kiwe na umbo. Hutiwa magnezi stearati kidogo ili unga usigande katika mashine. Na mwisho hupakwa kitu cha kukipa kidonge ngozi na mng'ao. Wapagazi wa Ukonongo na Unyamwezi, ambao mabega yao yalibeba pembe na vitambaa baina ya ziwa na pwani, hawakuwa wenye mali, wala majina yao hayakuandikwa katika daftari za matajiri. Lakini bila wao mali isingefika. Vijazio ni wapagazi wa dawa, na miongoni mwao mmoja ni mwenyeji wa Mpanda: nta ya nyuki.

Jambo lenyewe, la kuipa dawa kitu cha kuibeba, halikuanzia Ulaya. Matabibu wa pwani, waliofuata elimu ya Kiarabu, walisaga dawa zao wakazikanda kwa asali kuwa maajuni, kwa sababu asali hushika, huhifadhi, na huficha uchungu. Na marhamu ya kupaka waliyafunga kwa samli au kwa nta. Waganga wa bara nao hawakumpa mgonjwa unga wa mizizi mtupu, bali waliutia katika uji, au supu, au asali. Mganga aliyefanya hivyo alikuwa amekwisha kuitambua tofauti baina ya kitu kinachoponya na kitu kinachochukua, ingawa hakuiandika katika kitabu.

Nchi ambayo nta hii hutoka ni ya miombo. Kutoka Mpanda kwenda Inyonga, na kutoka Inyonga kwenda Mpimbwe, miti ya mtundu, mninga na miyombo husimama kwa masafa marefu, na katika majira yake huchanua, mingine mvua inapokoma na mingine kabla mvua haijaanza, hata nyuki wakawa na mavuno mawili kwa mwaka. Wakonongo, Wapimbwe na Wabende, wenyeji wa nchi hiyo, walichonga mizinga ya magogo, na zaidi ya hiyo walitengeneza mizinga ya magome, kwa kulibandua gome la mti likiwa zima kama mwanzi mpana, kulifunga kwa vigingi vya mti na kamba za gome, na kuutundika mzinga juu kwa kulabu, mbali na nyegere. Mrina aliingia porini kwa siku nyingi, akapiga kambi, akarina usiku kwa moshi, akarudi na masega katika vilindo. Asali ililiwa, ikauzwa, ikatengenezwa pombe. Na masega yaliyokamuliwa yakachemshwa kwa maji sufuriani, yakachujwa kwa nguo ngumu, na nta ikaelea juu na kuganda ikawa tofali la rangi ya manjano, huku machicha yakitupwa.

Inafaa nilitaje hapa jambo ambalo wanaoudharau mzinga wa gome aghalabu hawalijui. Katika mzinga wa fremu mrina hulirudisha sega baada ya kutoa asali, na nyuki hulitumia tena. Katika mzinga wa gome sega lote hukatwa, na nyuki hulijenga upya kwa nta inayotoka katika tezi zilizo chini ya matumbo yao, wakila kilo kadhaa za asali kwa kila kilo moja ya nta. Ndiyo sababu nchi za mizinga ya asili ndizo zilizokuwa wauzaji wakubwa wa nta duniani, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwao. Gharama yake ni kwamba mti uliobanduliwa gome lake hufa, na gharama hiyo si ndogo. Lakini mwenye kuhukumu na azihesabu pande zote mbili.

Tijara ya nta ilikua pamoja na kodi. Serikali ya Wajerumani ilipoanza, mwishoni mwa karne ya 19, kudai kodi ya nyumba, mtu wa Ukonongo ambaye hakuwa na pamba wala kahawa alikuwa na nta, na nta haiozi, haivunjiki, hailiwi na dumuzi, na thamani yake kwa uzito inatosha kulipia safari ya kichwani. Wafanyabiashara Waarabu, Wahindi na Waswahili waliinunua, wakaipeleka Tabora na kutoka huko pwani. Na palipo na tijara pana ghushi. Wako waliotia mchanga na udongo katikati ya tofali, wengine unga, wengine shahamu. Na baadaye, mafuta ya petroli yalipokwisha kujulikana, ikaja nta ya parafini, ambayo machoni hufanana na ya nyuki na kwa bei ni rahisi mno. Mnunuzi mwangalifu alilivunja tofali akatazama mkato wake, akalitafuna kidogo, akaliyeyusha na kupima joto, kwa kuwa nta halisi ya nyuki huyeyuka baina ya nyuzi 62 na 65 za sentigredi, ilhali shahamu huyeyuka mapema zaidi. Katika ghushi hiyo kijazio kilikuwa hadaa: kilitiwa ili mtu alipie kile ambacho hakukipata, na hakikutajwa. Kijazio cha kidonge, kikitajwa kwenye karatasi na kikawa safi, hakimnyang'anyi mtu kitu. Unga uleule wa mahindi waweza kuwa wizi ndani ya tofali la nta na insafu ndani ya kidonge cha vitamini, na linalotenga hayo mawili ni kusema kweli juu yake.

Ufukweni mwa ziwa, huko Karema, nta ilipata kazi nyingine. Wabelgiji walijenga boma pale mwaka 1879, na mwaka 1885 likakabidhiwa Mapadri Weupe, ambao kwa desturi ya kanisa lao mishumaa ya altare ilipasa iwe ya nta ya nyuki. Huko Karema ndiko alikokaa Adrien Atiman, mtu ambaye historia ya utabibu wa Tanganyika haiwezi kuandikwa bila yeye. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na mapadri hao, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema kama tabibu na katekista, akatibu watu wa pande zile mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika zama alizosomea yeye, tabibu hakungoja kidonge kifike tayari. Alipima unga kwa mizani, akauviringisha kwa asali au gundi, na marhamu aliyapika kwa mafuta na nta kwa namna isiyotofautiana sana na ile iliyonasibishwa na Galeni wa zamani, ambaye aliyeyusha nta katika mafuta ya zeituni na kuipiga pamoja na maji ya waridi. Kila tabibu wa wakati ule alijua kilichomo katika dawa yake chote, chenye nguvu na kisicho na nguvu, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokitia. Elimu hiyo imetutoka sisi tunaonunua chupa iliyofungwa, na ni hasara kubwa.

Ufundi uliotuletea chupa hizo ulikwisha kuanza kabla ya Atiman kuzaliwa. Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Mothes na Dublanc, walipata hati ya kutengeneza vifuko vya jelatini vya kutilia dawa. Na mwaka 1843 Mwingereza William Brockedon akapata hati ya kuushindilia unga baina ya vyuma viwili mpaka ukawa kidonge, bila ya kuukanda kwa gundi wala kileo. Vidonge vilivyovikwa sukari vilizungushwa katika mapipa yaliyotandikwa turubai lililopakwa nta, hata vikatoka vinang'aa. Mafuta ya samaki na vitamini zilizofungwa katika vifuko laini vya jelatini hutiwa nta kidogo ndani yake, ili unga wa dawa usitue chini ya mafuta. Kwenye karatasi ya kopo nta hiyo huandikwa kwa jina lake, au huandikwa E901, namba ambayo mkazi wa Inyonga aweza kuisoma mara mia asijue kwamba inamhusu.

Katika Vita vya Pili vya Dunia nta ilipewa kazi ya heshima zaidi. Penisilini ilikuwa imekwisha kuthibitika kuwa dawa ya ajabu, lakini mwili uliitoa kwa mkojo upesi mno, na mgonjwa alichomwa sindano kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mwaka 1944 Monroe Romansky na mwenzake Rittman, wakifanya kazi katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed nchini Marekani, waliichanganya penisilini na mafuta ya karanga na nta ya nyuki, na dawa ikawa inatoka katika msuli polepole, hata sindano moja ikatosha kwa siku. Sindano yenyewe iliuma, na kabla ya muongo ule kwisha penisilini ya prokeini iliiondoa sokoni. Hata hivyo ithibati ilikwisha kupatikana: kitu kisichoua kijidudu hata kimoja kilikuwa kimeongeza nguvu ya dawa kwa kuichelewesha tu.

Miaka hiyohiyo Mpanda ilianza kuitwa mji. Madini ya risasi yaliyogunduliwa hapo, yenye fedha na dhahabu na shaba ndani yake, yalichimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa ajili yake reli ikatolewa Kaliua kuja Mpanda, masafa ya kama kilomita 210, ikafunguliwa mwaka 1950. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya Tanganyika ilikuwa imeunda idara ya ufugaji nyuki, ambamo F. G. Smith, aliyekuja baadaye kuandika kitabu juu ya ufugaji nyuki wa nchi za joto, alifanya kazi ya kuwafundisha warina kuchuja nta vizuri zaidi. Hivyo treni moja iliweza kupakia risasi na nta, na nani asiyeona kwamba mizigo hiyo miwili ilikuwa na historia moja katika chumba cha mwuza dawa? Kwa karne nyingi oksidi ya risasi ilipikwa na mafuta ya zeituni kuwa plasta ya kubandika majeraha, nayo ikahesabiwa kuwa kibebeo tu cha dawa nyingine. Sasa yajulikana kwamba risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na wakaguzi wa virutubisho huitafuta katika talki na katika unga wa kalsiamu kama atafutwavyo mwizi. Mgodi wa Mpanda ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, ikaendelea kubeba mahindi, mbao, watu na nta.

Nimetaja risasi kwa makusudi, maana yako mambo mazito zaidi. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza sulfanilamidi kwa namna ya sharbati, ikaiyeyusha katika daietilini glaikoli, kimiminika kitamu ambacho hakikupimwa kama ni salama, na watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwemo watoto wengi. Dawa haikuwa na hatia. Kilichoua ni kimiminika kilichoichukua. Msiba huo ulizaa sheria mpya ya dawa nchini mwao mwaka 1938. Walakini mwaka 2022, katika nchi ya Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na sharbati za kikohozi walizopewa zilikutwa na sumu ya ukoo uleule. Mtu akisikia habari hizi hawezi tena kuridhika na maneno kwamba viambata vilivyosalia havina kazi. Havina kazi ya tiba, lakini vinaingia tumboni kama vinavyoingia vyenye kazi.

Kuna pia maswali madogo, yasiyo ya kufa, ambayo hata hivyo ni haki ya mnunuzi. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, na Mwislamu wa Mpanda ana sababu ya dini ya kuuliza ni ya yupi. Sukari ya maziwa haimeng'enywi na matumbo ya watu wazima wengi wa Afrika, ijapokuwa kiasi kilichomo katika kidonge kimoja kwa kawaida ni kidogo mno kumsumbua mtu. Titani dioksidi, inayofanya kidonge kiwe cheupe pe, ilipigwa marufuku mwaka 2022 katika vyakula vya Umoja wa Ulaya, na kazi yake yote ilikuwa ni kupendeza jicho. Mimi naona weupe wa namna hiyo haukustahili kulipiwa kwa siha ya mtu.

Narudi kwa nta, kwa kuwa hali yake ya leo ina jambo la kuwahusu watu wa Katavi moja kwa moja. Tabia iliyoifanya ifae katika dawa, ya kutoyeyuka katika maji, ya kutooza, na ya kukaa na kila kilichotiwa ndani yake, ndiyo inayoifanya ihifadhi pia sumu. Huko Ulaya na Marekani nyuki wameshambuliwa na utitiri uitwao varoa, na wafugaji hutia katika mizinga dawa za kuuua. Dawa hizo huyeyuka katika nta, zikakaa humo, na nta ikiyeyushwa na kutumiwa tena huzidi kujilimbikiza. Mrina wa Afrika hakutia dawa katika mzinga wake, na kwa sababu hiyo nta ya miombo hutafutwa na wanunuzi wa viwanda vya dawa na vipodozi, ambao huipima katika maabara kabla ya kulipa.

Lakini Mpanda na Mlele ni nchi ya tumbaku vilevile. Mabani ya kukaushia majani huteketeza kuni za miti ileile ambayo nyuki hutegemea maua yake, na dawa zinazopuliziwa mashambani hazina mpaka wa kuishia. Mwaka 2012 Katavi ilipokatwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpimbwe, alikuwa akihimiza ufugaji wa nyuki nchi nzima. Na huko Inyonga wafugaji walikuwa wamekwisha kujiunga katika chama chao na kutengewa eneo la nyuki katika misitu ya Mlele, ambamo mzinga huruhusiwa na shamba haliruhusiwi. Eneo la namna hiyo linahitaji walinzi wa kulizunguka, njia ya kupitisha nta wakati wa masika, na mnunuzi anayelipa bei ya nta safi kuliko ya nta chafu. Na katika hayo matatu, la mwisho ndilo ambalo watu wa Inyonga hawawezi kulifanya wenyewe, kwa kuwa linaamuliwa na wenye viwanda, na pia na wale ambao, kila mahali duniani, huinunua chupa ya vitamini bila kuuliza nta iliyoko ndani yake ilitoka msitu gani.